Kivuli cha Fimbo Uwanjani Tononoka

Tarehe 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, jua husimama wima juu ya Al-Kaaba. Mjini Makka kila kilichosimama sawasawa hukosa kivuli. Saa zetu na za Saudia ni moja, na dakika hiyo hiyo fimbo ya mita moja iliyosimikwa katikati ya uwanja wa Tononoka hapa Mombasa hutoa kivuli cha karibu sentimita 48, kinachoelekea kusini moja kwa moja. Mombasa na Makka zimepangana karibu katika mstari mmoja: Mombasa iko digrii 39 na dakika 40 mashariki, Makka 39 na dakika 49. Kwa hiyo misikiti yetu, ukiwemo ule wa Mandhry wa Mji wa Kale unaosemwa ulijengwa 1570, hukabili kaskazini, na katika Kiswahili neno kibla likachukua maana ya pili, yaani kaskazini yenyewe.

Naanza na fimbo kwa sababu ya mazungumzo niliyoyakuta jioni moja, baada ya sala ya Alasiri, kwenye benchi la muuza kahawa karibu na uwanja huo. Vijana wanne walikuwa wameinamia simu moja. Dereva wa tuktuk alinisogezea.

"Ami, hebu tazama. Tumedanganywa tangu shule ya msingi. Dunia ni bapa kama hili sinia."

Akaligonga sinia la kashata kwa kidole. Hoja yake kubwa ilikuwa maji. Maji hutulia yakasawazika, alisema. Nani amewahi kuona maji yamebinuka? Akaongeza kwamba wazee wetu waliyajua haya kabla wazungu hawajaleta tufe lao, na kwamba dini iko upande wa wazee.

Hoja ya maji sikuiona mbaya, kwa maana imetoka kwenye macho yake mwenyewe. Yaliyoniuma ni yale mawili ya mwisho, kwamba wazee walisema hivyo na kwamba dini imesema hivyo. Kabla sijafungua kinywa, mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza, aliyefanya ubaharia wa majahazi ujanani mwake, aliuliza swali moja tu.

"Mwanangu, na Jaa inakwenda wapi?"

Kijana hakujua Jaa ni nini. Wala wenzake watatu. Nikaona kwamba hapo ndipo tulipopotezea mambo.

Jaa ni nyota ya kaskazini, ile isiyohama. Jina hilo ni la mabaharia, na kwa Waswahili wa zamani Jaa ilikuwa nyota na ilikuwa pia jina la upande wa kaskazini. Kusini kulikuwa Suheli, nyota nyingine. Mashariki kulikuwa matlai, mahali pa kuchomoza. Watu waliokuwa wakiingia Bandari ya Kale kwa kaskazi na kutoka kwa kusi walizigawa pande za dunia kwa nyota, na dira yao ilikuwa na sehemu 32 zilizopewa majina ya nyota zinapochomoza na zinapotua.

Sasa fuata safari ya mzee. Ukiwa Mombasa, digrii nne kusini ya ikweta, Jaa huioni kabisa, hata usiku uwe mweupe namna gani. Jahazi hutweka, hupita Lamu, hupita Kismayu ambayo iko karibu na ikweta yenyewe, na baada ya hapo ndipo Jaa huanza kuchungulia juu ya bahari upande wa omo. Kila siku ya safari hupanda kidogo. Ukifika Maskati imekwisha kupanda zaidi ya digrii 23. Huku nyuma, upande wa tezi, Suheli iliyokuwa juu sana Mombasa huzidi kuzama.

Kupanda huko kulipimwa. Chombo chake kilikuwa kijibao chenye uzi wa mafundo. Baharia aliushika uzi kwa meno, akaukaza, akalinganisha ukingo wa chini wa kibao na upeo wa bahari na ukingo wa juu na nyota. Kipimo kiliitwa kidole, kwa Kiarabu isba, zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Jaa ikipanda kidole kimoja, jahazi lilihesabiwa kuwa limekwenda kaskazini mwendo wa siku moja na usiku wake. Ahmad ibn Majid, rubani mkubwa aliyezaliwa Julfar, katika nchi ambayo leo ni Ras al-Khaimah, aliyaandika haya yote katika kitabu chake kikubwa cha ubaharia karibu mwaka 1490. Anao pia utenzi mrefu wa Kiarabu juu ya njia ya Sofala, unaoshuka na pwani yetu hii bandari baada ya bandari. Kitabu hicho kilipoandikwa Vasco da Gama alikuwa hajafika; yeye alitia nanga mbele ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, akakosana na wenyeji, akaenda Malindi kuomba rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Rubani huyo alikuwa nani, wanahistoria bado wanabishana. Kwamba alihitajika, hakuna anayebisha.

Nilimrudishia kijana lile sinia lake. Tundika karabai juu ya katikati ya sinia, nikamwambia, kisha mfikirie siafu anayetembea kutoka katikati kwenda ukingoni. Taa itaonekana ikishuka, ndiyo, lakini haitazama chini ya sinia hata siafu atembee mwaka mzima. Jaa huzama. Dunia ya sinia haina mahali pa kuizamisha.

Nisije nikawa nawapamba wazee kupita kiasi. Pwani hii ilikuwa pia na hadithi ya ng'ombe aliyeibeba dunia juu ya pembe yake, naye kasimama juu ya samaki, na akichoka akaihamishia pembe ya pili ardhi hutetemeka. Wengi tulisimuliwa na bibi zetu. Hadithi hiyo ilisafiri katika vitabu vya Kiarabu vya maajabu ya viumbe, kikiwemo kile cha al-Qazwini wa karne ya 13, ikafika kwetu pamoja na mengine. Lakini nahodha aliyeisikia kwa bibi yake hakuitumia kulifikisha jahazi Maskati. Mtu mmoja aliweza kuvibeba vyote viwili, hadithi ya usiku na hesabu ya usukani, na alijua kila kimoja kinawekwa wapi.

Dini nayo ina jambo la kusemwa kwa ukweli, maana ukilificha kijana atalikuta mwenyewe akakuona mwongo. Katika Tafsiri ya Jalalayn, inayosomeshwa katika madrasa zetu tangu zamani, Jalaluddin al-Mahalli, aliyefariki 1459, anapoifasiri aya ya 20 ya Suratul Ghashiya inayotaja kutandazwa kwa ardhi, anasema kwamba dhahiri yake ni ardhi bapa, na kwamba hiyo ndiyo kauli ya wanazuoni wa sheria, kinyume na watu wa falaki. Imeandikwa, na anayeinukuu hasemi uongo.

Anachokosa ni kufungua kitabu cha pili. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki 1064, karibu miaka mia nne kabla ya al-Mahalli, aliandika kwamba dalili zote zinaonyesha ardhi ni mviringo, na kwamba hakuna imamu mkubwa aliyelikana hilo. Aliitolea ushahidi aya ya tano ya Suratuz Zumar, juu ya usiku kuzungushiwa mchana, kwa kitenzi kile kile cha Kiarabu cha kuzungusha kilemba kichwani. Fakhruddin ar-Razi, aliyefariki 1210, alieleza kwamba tufe likiwa kubwa sana, kila kipande chake huonekana kama uwanda kwa aliyesimama juu yake. Hata Ibn Taymiyya, ambaye hakuna anayemtuhumu kuwapendelea wanafalsafa, alinukuu makubaliano ya wanazuoni kwamba ni mviringo. Kwa hiyo kauli ya ardhi bapa ilikuwepo, ikiwa kauli mojawapo, na waliopinga walikuwa wazito. Anayewaambia vijana kwamba dini imelifunga shauri hili upande wa sinia anawanyima nusu ya maktaba.

Wakristo nao wana mtu wao, tena aliyefika karibu nasi. Karibu mwaka 550, Cosmas, mfanyabiashara wa Alexandria aliyewahi kuingia bandari ya Adulis katika Eritrea ya leo, na aliyeitaja bahari ya Zingion, yaani bahari ya Wazanji, aliandika kitabu akidai kwamba ulimwengu ni kama sanduku lenye kifuniko cha kuba, ardhi ni mstatili chini yake, na jua usiku hujificha nyuma ya mlima mkubwa wa kaskazini. Alikuwa ameiona bahari na hakusoma nyota zake. Lakini Cosmas alikuwa peke yake kuliko tunavyoambiwa. Patriaki Photius wa Konstantinopoli alikidharau kitabu hicho katika karne ya tisa, na Ulaya ya Magharibi haikukisoma kwa Kilatini mpaka mwanzoni mwa karne ya 18. Katika mji huo huo wa Alexandria, miaka mia nne kabla yake, Ptolemy alikuwa ameshachora dunia ya mviringo yenye mistari ya digrii, na ndani yake akaiweka Rhapta, bandari ya pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Basi ile habari kwamba watu wa zamani wote waliamini dunia ni bapa mpaka Columbus akawafumbua macho ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ilitoka kwa mwandishi wa Marekani, Washington Irving, aliyechapisha maisha ya Columbus mwaka 1828 na kuyatia chumvi. Waliompinga Columbus walibishana naye juu ya ukubwa wa dunia, na wao ndio waliokuwa na haki: yeye aliifanya ndogo mno. Irving akawageuza kuwa wajinga wanaoogopa kudondoka ukingoni, vitabu vya shule vikamfuata.

Imani ya dunia bapa kama chama, chenye vitabu, mihadhara na wafuasi, ilizaliwa Uingereza katika zama za treni na telegrafu. Mwaka 1838 Samuel Rowbotham aliingia katika mfereji ulionyooka wa Old Bedford, akaiweka darubini yake sentimita 20 hivi juu ya maji, akaitazama mashua ikienda hadi karibu kilomita 10. Aliiona hadi mwisho. Akatangaza kwamba maji hayajapinda, akachapisha kijitabu mwaka 1849, akazunguka miji akitoza kiingilio. Hoja ya dereva wetu wa tuktuk ni ya bwana huyu, neno kwa neno.

Alichokiona kilikuwa kweli, alikosea sababu yake. Hewa iliyo karibu na maji baridi huwa nzito kuliko ya juu yake, na mwanga unaopita humo hujipinda kuelekea chini, ukaufuata uso wa dunia. Sisi tunaujua upande wa pili wa jambo hilo: barabara ya Nairobi adhuhuri, lami inapometa mbele kama imemwagiwa maji, na ukifika ni kavu. Mwanga umepinda, na macho hayana njia ya kujua.

Mwaka 1870 mfuasi wa Rowbotham, John Hampden, aliweka dau la pauni 500 kwa yeyote atakayeonyesha kupinda kwa maji. Akajitokeza Alfred Russel Wallace, mtaalamu wa viumbe aliyeivumbua nadharia ya uteuzi wa asili sambamba na Darwin. Wallace alikuwa pia amesomea upimaji ardhi. Katika mfereji ule ule aliweka alama tatu za kimo kimoja juu ya maji, moja kila mwisho na moja katikati, akayainua macho juu kutoka kwenye ile hewa danganyifu. Alama ya katikati ilionekana imejitokeza juu ya nyingine, kama inavyopasa mgongo wa tufe. Mwamuzi akampa ushindi. Hampden hakukubali, alimwandama Wallace kwa matusi miaka mingi, akapelekwa mahakamani, akafungwa, akarudia tena. Wallace baadaye alijuta kulichukua lile dau. Naona katika kisa hicho chote tunachokiona leo kwenye simu: kipimo kimetoka, na mtu anahama kutoka kwenye kipimo kwenda kwenye kumchafua aliyepima.

Kutoka hapo mambo yalivuka bahari. Mji wa Zion huko Illinois ulipata mhubiri wa dunia bapa, Wilbur Voliva. Rais Paul Kruger wa Transvaal, mwaka 1898, alipotambulishwa kwa Joshua Slocum, baharia aliyekuwa akiizunguka dunia peke yake kwa mashua, alikana kwamba kuna kuizunguka. Samuel Shenton alianzisha jumuiya yake Dover mwaka 1956, Charles Johnson akairithi California, na alipofariki 2001 ilionekana kama mwenge umezimika. Intaneti ikaufufua. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua Mombasa, TEAMS ikitoka Fujairah kwa njia ya bahari ambayo majahazi yalikuwa yakiijua. Kupitia humo tumepata elimu nyingi na biashara nyingi. Kupitia humo humo lilikuja darasa la Rowbotham, limefungwa ndani ya video, limevikwa kanzu, na vijana wa Tononoka wakaambiwa ni urithi wa babu zao. Hilo ndilo linalonikera. Kitu cha mihadhara ya tiketi ya Uingereza kinauzwa kwetu kwa jina la watu waliopima Jaa kwa kidole!

Ushahidi hauhitaji hata jahazi. Ramadhani ya 2016 iliangukia Juni. Sisi tulifunga saa 13 na kitu. Jamaa zetu wa London walifunga zaidi ya 18. Kila mwaka tunabishana hapa Mombasa kama tufuate mwezi uliotangazwa kwingine au tungoje utakaoonekana kwetu na Kadhi Mkuu autangaze, na mabishano hayo yapo kwa sababu jua halituchwei sote pamoja: aliye magharibi yetu hupata saa za ziada, mwezi ukazidi kujitenga na jua kabla hajautafuta. Usiku wa 27 Julai 2018, mwezi ulipopatwa kikamilifu kwa saa moja na dakika 43, waliokuwa nje waliuona ukingo wa kivuli cha dunia ukiupita mwezi, na ulikuwa wa mviringo. Aristotle aliliona hilo pia. Sinia likigeuzwa upande hutoa kivuli chembamba kama ukuti. Dunia haijawahi kukitoa.

Na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilipaa kutoka hapo setilaiti ya kwanza iliyokusudiwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei angani, ikaitwa Uhuru, kwa Kiswahili hicho hicho. Walichagua pwani yetu kwa kuwa iko karibu na ikweta, ambako dunia yenyewe huzunguka kwenda mashariki kwa kilomita 1,670 kwa saa, na roketi huanza safari ikiwa na mwendo huo wa bure. Wavuvi wa Ngomeni waliziona zikipaa.

Turudi kwenye fimbo, maana niliwaahidi wale vijana. Kivuli cha sentimita 48 kwa fimbo ya mita moja ni pembe ya digrii 25 na nusu. Kutoka Tononoka hadi Makka ni kilomita 2,830 hivi. Ikiwa digrii 25 na nusu ni kilomita 2,830, duara zima la digrii 360 ni kama kilomita 40,000, na huo ndio mzingo wa dunia. Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika Libya ya leo, alifanya hesabu ya namna hii karibu mwaka 240 kabla ya Masihi, kati ya Aswan na Alexandria. Ni kazi ya Mwafrika wa kaskazini, ndani ya Afrika. Wanafalaki wa Khalifa al-Ma'mun waliirudia kwa njia yao katika jangwa la Sinjar karne ya tisa, na al-Biruni akaipata kwa kutumia mlima mmoja tu.

Kijana wa tuktuk ana akili, aliuliza vizuri: je, kama dunia ni bapa na jua liko karibu tu, kivuli hakitatokea vile vile? Kitatokea. Kwa fimbo moja ya Tononoka huwezi kumshinda; ukikokotoa kwa dunia bapa unapata kwamba jua liko kilomita 5,900 na kitu juu ya Makka, na hesabu inakaa. Ndiyo maana fimbo ya pili inahitajika. Mwenye jamaa Durban amwombe asimike yake dakika hiyo hiyo, ambayo kwao ni saa tano na dakika 18. Kivuli chake kitakuwa karibu sentimita 128. Durban iko kilomita 5,780 hivi kutoka Makka, na hesabu ile ile ya dunia bapa sasa italiweka jua kwenye kilomita 4,500. Jua moja haliwezi kuwa na vimo viwili kwa dakika moja. Kwa dunia ya mviringo, fimbo zote mbili zinatoa kilomita 40,000.

Siku ya pili katika mwaka ni 15 au 16 Julai, saa sita na dakika 27 mchana. Walimu wa jiografia wa Mombasa, na ustadhi wa madrasa pia, watoeni wanafunzi nje siku hiyo. Waje na fimbo ya mita moja, timazi ya mwashi ya kuisimamishia, na utepe wa kupimia. Na kabla hawajaondoka, waonyesheni Jaa huwa upande gani.